Haidranti ya uani haigandi ikiwa tupu: tuliyojifunza kwenye baridi ya Minnesota

Asubuhi ya Januari, nje nyuzi 25 chini ya sifuri, mbuzi wamezunguka beseni tupu, na mkono wa haidranti, lile bomba la uani la kuchotea maji, umegoma kupanda. Kishawishi cha kwanza ni kuuvuta kwa nguvu. Usiuvute. Ndani ya lile bomba la wima mna ufito mrefu wa chuma unaoshuka hadi kwenye vali, futi kadhaa chini ya ardhi. Ikiwa barafu imeushika, utaupinda au utakata pini inayouunganisha na mkono. Hapo shida ambayo ingeisha kwa ndoo mbili za maji moto inageuka kuwa ya kufungua kichwa chote, au ya kusubiri Mei uchimbe, kwa sababu udongo wa Januari hapa hauna tofauti na zege.

Tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo tukaja kufuga na kulima bustani huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, karibu wote tumelipia somo hili. Hata aliyekulia Kinangop au Makete, anayeijua sakitu inayounguza viazi usiku mmoja, hajawahi kuona ardhi yenyewe ikiganda kimo cha mtu. Sakitu ya kwetu huondoka jua likichomoza. Ya Minnesota huingia ardhini Novemba na kuendelea kushuka hadi Machi.

Jina ndilo linalotupoteza kwanza. Dukani huuzwa kama haidranti isiyoganda, nawe unafikiri imetengenezwa kwa chuma cha ajabu au ina kitu cha kuipasha moto. Haina. Koki ya kawaida, kama ile ya uani Morogoro au Kakamega, hukata maji juu kabisa, mdomoni, na bomba lote lililo chini yake hubaki limejaa. Haidranti hukata maji chini kabisa, mahali ambapo baridi haifiki. Ukiinua mkono, ufito unapanda, planja (kizibo chenye mpira kilicho mwisho wa ufito) inaachia maji, na papo hapo inaziba kijitundu kilichopo ubavuni mwa vali. Ukishusha mkono, planja inakaa kwenye kiti chake, maji yanakatika na kijitundu kinafunguka. Maji yaliyobaki kwenye bomba la wima yanashuka yenyewe, yanatokea kwenye kile kijitundu na kuishia kwenye kokoto. Baada ya dakika chache bomba ni tupu, na baridi haina cha kugandisha.

Haidranti, basi, haipigani na baridi. Huliacha bomba bila maji. Karibu kila kosa tulilofanya lilikuwa njia moja au nyingine ya kulizuia bomba lisimalize kujimwaga.

Tuanze na kuchimba, maana makosa ya kuchimba ndiyo ya gharama. Haidranti yenyewe si ghali sana. Kukodi mashine ndogo ya kuchimbia kwa siku moja kunaweza kupita bei yake, na kuirudia kazi kunazidisha mara mbili. Kabla ya sululu kugusa ardhi, piga 811 siku kadhaa za kazi mapema. Ni bure popote Marekani, na watakuja kuweka alama za rangi penye nyaya za umeme, gesi na mawasiliano. Mabomba na nyaya zako mwenyewe za ndani ya uwanja, kama ule waya unaokwenda bandani, hawazitafuti. Hizo ni juu yako.

Kina ni suala la pili. Kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi wa nyumba ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini. Wengi huchukua namba hiyo wakazika haidranti hapo hapo. Ni kosa. Miji ya hapa huzika mabomba makubwa ya barabarani futi saba na nusu au nane, nayo ina sababu. Theluji ni blanketi. Mahali ilipolala bila kuguswa, baridi haishuki sana, lakini njia ya gari inayofagiliwa kila siku, au uwanja unaokanyagwa na ng'ombe, huganda chini zaidi. Haidranti inayohudumia mifugo huwa hasa mahali pa namna hiyo, palipokanyagwa na kufagiliwa. Ukiwa kusini mwa jimbo, usizike kina pungufu ya futi sita. Kaskazini chukua saba au nane, na ukiweza ihamishe iwe pembeni mwa njia. Kaskazini ndiko Tower ilikopima nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996, rekodi ya jimbo zima.

Dukani angalia namba ya kina cha kuzikwa, si urefu mzima wa haidranti. Yenye kina cha futi sita ina zaidi ya futi nane ukiilaza chini, kwa sababu sehemu ya juu inabaki hewani. Kuna aliyepima chombo kizima kwa tepu dukani, akaridhika, akagundua shimoni kuwa vali yake inaishia futi nne.

Mtaro wa futi tano au zaidi ni hatari kwa mtu. Kuta zake huporomoka bila onyo, na mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja. Kanuni za usalama kazini Marekani zinadai kuta zizuiwe kuanzia futi tano. Tanua mtaro kwa mteremko, au fanya kazi ya kuunganisha huku umesimama juu, uteremshe haidranti ikiwa imeshafungwa elbo (kiungo cha kona) na kipande cha bomba. Usimtume kijana wako aingie "mara moja tu".

Sasa kokoto, ambapo watu hupenda kubana matumizi. Bomba la wima la inchi moja, lenye urefu wa futi nane, hubeba lita moja na kitu. Kila ukifunga, kiasi hicho kinamwagika chini. Ukifungua na kufunga mara kumi kwa siku, ni zaidi ya lita kumi zinazotafuta pa kwenda, kwenye udongo ambao upande wa juu umeshaganda. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 chini ya vali, kina sentimita 45, ulijaze kokoto zilizooshwa za kama inchi robo tatu. Linachukua kama lita 160 za kokoto, na kwa kuwa nafasi kati yake ni kama theluthi, una akiba ya lita 50 hivi kabla udongo haujaanza kunywa. Kokoto zenye vumbi usichukue. Vumbi hushuka, huziba, na kijitundu chenyewe ni chembamba kama inchi moja ya nane. Juu ya kokoto tandika kitambaa cha kuchujia ndipo urudishe udongo, la sivyo baada ya miaka michache tope litakuwa limeshaingia kote.

Kabla ya kumwaga kokoto, mimina ndoo ya lita 20 shimoni. Maji yakiisha ndani ya saa moja, endelea. Yakiwa bado yamesimama, hapo ni udongo wa mfinyanzi, kama ulivyojaa upande wa magharibi kando ya mto Red. Tanua shimo mara mbili, au hamia sehemu iliyoinuka. Na ukikuta maji yanapanda yenyewe kutoka chini, hama kabisa. Kile kijitundu hutoa maji nje, lakini kikizama hukaribisha maji ya ardhini ndani ya bomba, nayo yatasimama humo na kuganda.

Kuunganisha hakuna mengi. Weka tofali la zege chini ya elbo ili uzito wa haidranti usining'inie kwenye bomba. Elbo iwe ya shaba nyeupe au nyekundu, maana ya chuma kilichopakwa zinki huliwa na kutu mahali penye unyevu wa kudumu. Bomba la plastiki jeusi la inchi moja lichovye ncha kwenye maji moto lilainike, lisukume hadi mwisho, kaza klemu mbili za chuma kisichoshika kutu, skrubu zake zikitazama pande tofauti. Tepe nyeupe ya mafundi bomba izungushwe kufuata mkazo wa nyuzi.

Jambo moja usiliruke: kabla ya kufunga haidranti, fungulia maji yatoke kwenye ncha ya bomba hadi yawe meupe. Mchanga na mabaki ya plastiki yaliyoingia wakati wa kazi yatakwenda moja kwa moja kwenye mpira wa planja. Chembe moja ikibanwa pale, haidranti mpya inaanza kuvuja siku ya kwanza, na hutajua mpaka Januari.

Jaribu wakati shimo bado liko wazi. Inua mkono hadi mwisho na tazama kijitundu: pakavu. Ushushe nusu: maji yatachuruzika kwa nguvu kutoka ubavuni. Ushushe kabisa: mdomoni yanakatika, na kijitundu kinaendelea kutoa kidogo kidogo hadi kimalize. Kisha fungulia tena, funga, na hapo hapo ziba mdomo kwa kiganja. Utahisi ngozi ikinyonywa ndani, kama mtoto anavyonyonya kidole. Ule mnyonyo ni maji yanayoshuka bombani yakivuta hewa. Kariri ulivyo. Kuanzia siku hiyo ndio kipimo chako: ukiuhisi, bomba linajimwaga, usipouhisi, kuna kilichoziba.

Lile jaribio la mkono kuwa nusu ndilo linaloeleza kosa moja la matumizi. Watu huinua mkono nusu ili maji yasitoke kwa kasi. Haidranti haijui nusu. Planja ikiwa katikati, maji yanatoka juu na chini kwa wakati mmoja, yanalowesha kokoto na kula udongo pembeni mwa vali. Fungua hadi mwisho, funga hadi mwisho. Haidranti za zimamoto mijini, zile nene za rangi, katika majimbo ya baridi zimejengwa kwa wazo hilo hilo: vali iko chini, na shina hujimwaga likifungwa. Zimamoto nao hufundishwa kuzifungua zote au kuzifunga zote. California, kusikoganda, kuna zinazobaki na maji hadi juu. Ukiwa na moja mbele ya nyumba yako, fagia theluji futi tatu kuizunguka pande zote.

Kosa kubwa zaidi la matumizi, linaloharibu haidranti nyingi kuliko mengine yote, ni mpira wa maji kuachwa umefungwa mdomoni mwa haidranti. Ukiwa na bastola ya kunyunyizia mwishoni, au kile kigawanyio cha matawi mawili kimefungwa, hewa haina pa kuingilia, na maji hayashuki hewa isipoingia. Ni kama chupa uliyoiziba kwa kidole: igeuze utakavyo, haimwagiki. Asubuhi bomba lote ni mchi wa barafu. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9, na yale yaliyobanwa kati ya barafu na planja hayana pa kwenda ila kupasua chuma. Kuanzia baridi ya kwanza ya Oktoba, mpira unafunguliwa kila baada ya kutumika, unakunjwa na kuingizwa ndani. Kila mara. Dakika tano za kahawa zinatosha kukuharibia siku.

Mpira uliozamishwa kwenye beseni la mifugo una ubaya mwingine. Ukifunga haidranti, ule mnyonyo uliouhisi kiganjani unavuta maji ya beseni, pamoja na mate na samadi, kuyarudisha bombani na chini kwenye kokoto. Acha mwanya kati ya mpira na maji. Sehemu nyingine kanuni hazikubali kabisa aina inayomwaga ardhini, hutaka ile yenye kikopo cha kuhifadhi maji ndani ya ardhi, inayokidhi ASSE 1057, kiwango cha Marekani cha haidranti zisizorudisha maji machafu. Ni nzuri kwa usafi, ila ina tabia yake: kabla ya kuifunga lazima maji yakimbie wazi, bila mpira, kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, ili kikopo kitupike. Wasiojua huchota kikombe kimoja na kufunga. Kikopo kinabaki kimejaa, na maji yanarudi kupanda bombani.

Tukirudi kwenye ile ya kawaida, kuna adui mmoja mkimya: kuvuja kidogo huku imefungwa. Mdomoni hakuna hata tone, kwa hiyo huna shaka. Lakini planja haikukaa sawasawa, maji yanapenya, yanatoka kwenye kijitundu usiku na mchana. Kokoto zinajaa, maji yanapanda bombani, na siku baridi inapokaza, umekwisha. Ishara zipo. Pampu ya kisima inawaka usiku hakuna anayetumia maji. Theluji inayeyuka kwa duara kuzunguka bomba. Au weka sikio kwenye chuma kukiwa kimya, utasikia mvumo mwembamba. Na sikio lipitishie kitambaa, tafadhali, lisije likaganda hapo.

Mara nyingi dawa ni kurekebisha mkono tu. Ukiushusha, unapaswa kukataa kidogo mwishoni, halafu ukalala kwa kishindo. Ukilala laini kama mlango wa kabati, hausukumi planja ya kutosha. Legeza skrubu inayobana ufito pale kichwani, sogeza kiungo kidogo sana, milimita mbili tatu, kaza, jaribu. Maji yakichuruzika kwenye shingo ya ufito wakati imefunguliwa, hiyo ni nati ya pakiti, inayobana kizuia maji cha shingoni: izungushe robo tu, ukizidisha mkono unakuwa mzito.

Isipopona, mpira wa planja umekwisha. Funga maji kwenye chanzo, fungulia haidranti shinikizo liishe, kisha tumia paiprenchi mbili: moja inafungua kichwa, nyingine inashika bomba la wima lisizunguke. Anayetumia moja hufungua bomba kutoka kwenye vali chini ya ardhi bila kujua, na hilo ni la kuchimba. Vuta ufito wote nje, badilisha planja, futa kila kitu, rudisha. Vifaa vya aina moja haviingii kwenye nyingine, kwa hiyo andika jina na modeli ya haidranti siku unapoinunua. Kuna za bei ya chini zisizo na vipuri kabisa. Ziache dukani.

Na ikishaganda? Simu za Januari hufanana.

"Kaka, mkono haupandi."

"Usiulazimishe. Mpira umeutoa?"

"...Ndiyo ninautoa sasa."

Kwanza tambua mahali. Mkono ukiwa mgumu, barafu iko bombani au shingoni mwa ufito. Mkono ukipanda vizuri na maji hayatoki, kilichoganda huenda ni laini inayoleta maji, na hapo itafute pale inapopita kina kifupi, mara nyingi inapoingia nyumbani au kisimani. Kwa mkono mgumu, zungushia matambara kichwa na bomba, mimina maji moto taratibu kuanzia juu kuja chini, mdomo ukiwa wazi ili kinachoyeyuka kitoke. Yawe moto, yasiwe yanatokota, kwa sababu kichwa ni chuma cha kusubu na kinaweza kupasuka kikipata joto la ghafla. Jaribu mkono kila baada ya ndoo kwa nguvu za vidole tu. Kikausha nywele husaidia kikichomekwa kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme kwenye unyevu.

Moto wa gesi usisogeze. Unaunguza mipira ya ndani usiyoiona, na nyasi kavu za mifugo ziko karibu. Mashine ya kuchomelea inayounganishwa kwenye bomba ili umeme uliyeyushe, wazee wa hapa watakusimulia, na wengine watakusimulia pia mabanda yaliyoungua. Utepe wa umeme wa kupasha bomba, ule unaojipunguza wenyewe joto, unafaa kama tahadhari kwa sehemu ya juu ya ardhi, chini ya sponji. Sponji peke yake haitengenezi joto. Inachelewesha tu.

Ikiyeyuka, usishangilie. Sababu iliyoigandisha bado ipo, na ikiwa kokoto zimejaa barafu, kijitundu hakina pa kumwagia na usiku huo itaganda tena. Ziba mdomo kwa kiganja. Kama hakuna mnyonyo, funga maji kwenye chanzo na ubebe ndoo hadi majira yaishe. Inauma, lakini ni nafuu kuliko bomba lililopasuka chini.

Usiamini Machi. Hewa inapokuwa na vuguvugu, baridi iliyo ardhini bado inashuka, na mwaka 2014 nyumba nyingi za majimbo haya ziligandiwa mabomba mwishoni mwa Februari na Machi, watu wakidhani wameshapita. Kisha Aprili theluji inayeyuka, maji ya ardhini yanapanda, na kokoto ambazo zilikuwa kavu Oktoba zinaogelea. Pima mnyonyo tena wiki hiyo, mara mbili tatu kwa siku tofauti. Haidranti isiyonyonya ifungie utepe mwekundu shingoni, na mashine ya kuchimbia uikodi Agosti, ardhi ikiwa kavu na mafundi wa kukodisha hawajaanza kupandisha bei za vuli.